Kobalti itokayo kwenye goti bandia na mgonjwa mwenye figo dhaifu

Swali
Naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi. Mama yangu aliwekewa goti bandia la aloi (mchanganyiko wa metali) ya kobalti na kromi, na sasa anatembea bila maumivu. Hata hivyo figo zake zimedhoofika, nami nimesoma kwamba kobalti hutoka kwenye kiungo bandia na kuingia katika damu. Je, apimwe?

Jibu
Ndugu, hofu hiyo ilitokana zaidi na nyonga bandia ambazo chuma husagana na chuma. Mojawapo, ASR ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni mwaka 2010. Katika goti, sehemu ya paja huteleza juu ya plastiki ya polietilini, kwa hiyo chuma huchakaa kidogo. Ioni, yaani chembe ndogo mno za metali zenye chaji ya umeme, hutoka hata hivyo, kwa sababu utando mwembamba wa oksidi ya kromi unaoikinga aloi hukwaruzwa na chembe za saruji ya mifupa inayoshikiza kiungo, kisha majimaji ya mwili hula chuma kilichoachwa wazi kabla utando haujajijenga upya. Magoti yenye bawaba, ambayo hutumika zaidi katika upasuaji wa marudio, huweza kutoa ioni nyingi zaidi.

Jibu
Naongeza kuhusu figo, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Kobalti huondoka mwilini hasa kwa njia ya mkojo, hivyo figo zikishindwa inaweza kujilimbikiza hata kama goti lenyewe halina kasoro, na ikizidi mno hudhuru moyo, macho na masikio. Tafadhali mpeleke kwa daktari wa figo pamoja na kadi inayoonyesha aina ya kiungo alichowekewa, ili aamue kama kipimo kinahitajika. Kiwango cha mikrogramu 7 kwa lita ya damu, kinachotajwa sana kutoka Uingereza, kiliwekwa kwa ajili ya nyonga za chuma kwa chuma, na si haki kukihamishia kwenye goti kama kilivyo. Damu nayo ichukuliwe kwa chupa maalumu ya vipimo vya madini, kwani hata sindano ya kawaida huweza kuongeza kromi katika sampuli.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, kuwashwa na hereni za nikeli kuna uhusiano wowote?

Jibu
Aloi hiyo ina nikeli kidogo sana, na mzio wa ngozi peke yake hauthibitishi kwamba goti litakataliwa. Likivimba au likianza kuuma, maambukizi na kulegea kwa kiungo vichunguzwe kwanza.