Tupeane uzoefu: gemu ya zamani uliiwasha vipi kwenye kompyuta ya leo?

Section58 (Nakuru)
Wakuu, habari za jioni. Huu si uzi wa kubishana gemu ipi ilikuwa kali. Vita hiyo tulishapigana na hakuna aliyeshinda. Taja gemu, taja Windows uliyo nayo, sema ilikataa nini hasa na ni kitu gani kiliifungua. Mtu akisema "imegoma tu" hatusaidii.

Naanza na GTA: San Andreas, ile ya kompyuta iliyotoka 2005, kwenye laptopu ya Windows 11. Iliwaka vizuri. Kisha Windows ikajisasisha kwenda toleo la 24H2, na ile ndege ya majini, Skimmer, ikatoweka. Nilizunguka gatini, hakuna. Magari yapo, boti zipo, Skimmer haipo popote.

Kumbe tulikuwa wengi. Jamaa anayejiita Silent, ambaye ndiye mwandishi wa SilentPatch (kiraka cha bure cha kurekebisha hitilafu za gemu za GTA), alichimbua chanzo chake mwaka 2025. Ndani ya gemu kuna faili la maandishi liitwalo vehicles.ide, na kila chombo kina mstari wake humo. Mstari wa Skimmer umekosa vipimo vya magurudumu, kwa sababu kule Vice City, GTA iliyotangulia, ilihesabiwa kuwa boti, na boti haina magurudumu. San Andreas ikifika hapo haipati namba, kwa hiyo inaokota zilizobaki kwenye kumbukumbu baada ya kusoma chombo kilichotangulia. Kwa karibu miaka 20 namba hizo zilikuwa zinabaki palepale na hakuna aliyegundua. Windows mpya inapitisha shughuli zake kwenye sehemu hiyohiyo, gemu inaokota takataka, ndege inapotea. Waliojaribu kuiita kwa modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) walirushwa juu angani huko mbali kabisa. Msiitukane Windows, hitilafu ilikuwemo ndani ya gemu tangu 2004.

Dawa ni SilentPatch. Unaiweka ndani ya folda ya gemu, basi. Na kile kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) kwenye mipangilio ya picha usikiondoe eti kompyuta yako ina nguvu. Ukikiondoa CJ, yule unayemchezesha, ataogelea kama amefungwa mawe, kwa sababu mwendo wa vitu vingi umefungwa kwenye idadi ya fremu.

Kondele_Juu (Kisumu)
Omera, hiyo ya 2005 ni mtoto mchanga. Mimi nina Prince of Persia ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), 1990. Dakika 60 za kumwokoa binti mfalme, na saa haisimami hata ukifa. Jordan Mechner aliyeitengeneza alimpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka, akachora mwili wa mchezaji kwa kufuata picha zile moja moja. Ndiyo maana yule jamaa akikosa ukingo wa sakafu unaona kabisa mtu akianguka.

Ukiibofya kwenye Windows ya leo haifanyi kitu. Unahitaji DOSBox, programu ya bure iliyoanza 2002, ambayo inajifanya kompyuta nzima ya zamani: prosesa, kadi ya sauti, DOS yenyewe. Tengeneza folda, mfano michezo, weka gemu humo. Fungua DOSBox uandike:

mount c c:\michezo
c:
cd prince
prince

Mstari wa kwanza ndio watu hukwama. DOSBox haioni diski yako mpaka uionyeshe folda moja na kuiambia "hii ndiyo C yako".

Halafu kuna mwendo. Gemu nyingi za enzi hizo zilipima muda kwa kasi ya prosesa. Wazee mtakumbuka kitufe cha Turbo kwenye kompyuta za mezani, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kuipunguza kasi ili gemu za kale zichezeke. DOSBox inafanya vivyo hivyo kwa Ctrl na F11 kupunguza, Ctrl na F12 kuongeza. Namba unaiona juu ya dirisha, na 3000 ni pa kuanzia. Kwa laptopu nyingi shika pia Fn, la sivyo utakuwa unapunguza mwanga wa skrini na kulaumu DOSBox. Alt na Enter kujaza skrini. Kipanya kikinaswa ndani, Ctrl na F10.

Bado_Mwanafunzi (Bungoma)
@Kondele_Juu yangu nikimaliza hatua ya kwanza inaniletea chumba chenye vikombe vingi na herufi. Nikinywa nakufa. Nifanyeje?

Kondele_Juu (Kisumu)
Hapo unaulizwa kitabu. Walikuwa wanazuia wanaokopi: inakutajia ukurasa, mstari na neno, nawe unakunywa kikombe chenye herufi ya kwanza ya neno hilo. Tafuta kitabu cha maelekezo kilichoskaniwa. Kama hutaki shida hiyo, kuna SDLPoP, ambapo watu wameiandika upya gemu ileile ya DOS iende moja kwa moja kwenye Windows na Linux. Ukishaingia, Ctrl na G inahifadhi, lakini kuanzia hatua ya tatu.

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Mulembe wote. Yangu ni Age of Empires II, ile ya kwanza kabisa ya 1999, kwa CD. Niliitaka kwenye kompyuta za maabara kwa ajili ya klabu ya historia, na vijana walipoona ngome na farasi hakuna aliyeuliza tena kengele ya chakula italia saa ngapi.

Shida zilikuja kwa foleni. Kwanza laptopu mpya hazina pa kutia CD. Nikaazima kisoma CD cha USB, nikaigeuza CD kuwa faili la ISO, yaani nakala ya CD nzima ndani ya faili moja. Windows kuanzia ya 8 inalifungua faili hilo kwa kulibofya mara mbili, linatokea kama CD halisi.

Pili, Windows ilidai DirectPlay. Hiyo ilikuwa ya kuunganisha wachezaji kwenye mtandao. Bado imo ndani ya Windows ila imezimwa. Nenda kwenye orodha ya kuwasha na kuzima sehemu za Windows, ufungue "Legacy Components", uweke alama, usubiri.

Tatu ndiyo ilinichekesha. Kwenye mashine moja ya Windows 7 nyasi zilikuwa nyekundu na nyuso za wafalme zina rangi ya zambarau. Gemu hii inatumia rangi 256 tu kwa wakati mmoja na hutaka orodha ya rangi iwe yake peke yake. Explorer, yaani ile programu inayoonyesha deski na upau wa chini, inaingilia orodha hiyo. Njia ya kienyeji: fungua Task Manager, zima explorer.exe, cheza. Ukimaliza rudi Task Manager, chagua kuanzisha kazi mpya, andika explorer. Deski itapotea kwa muda, usishtuke.

Baadaye tulinunua Definitive Edition ya 2019. Inawaka bila uganga wote huo, na ina Waethiopia, ambao waliingizwa 2015 pamoja na Wamali na Waberber. Lakini kwa mashine zetu zenye RAM ndogo ni mzigo mzito. Ile ya 1999 bado inafanya kazi nyingi zaidi hapa shuleni.

Fundi_Oginga (Kisumu)
Mwalimu umesema vizuri, ila ISO haitoshi kwa kila CD. Watu wananiletea laptopu dukani wakisema CD yao halisi, safi, imekataliwa. Gemu nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa na kufuli la kuzuia kukopi liitwalo SafeDisc. Lilifanya kazi kupitia draiva (programu ndogo ya mfumo) iitwayo secdrv.sys, iliyokaa ndani kabisa ya Windows. Ilikuwa mlango wa hatari kwa virusi, kwa hiyo mwaka 2015 Windows 10 ilitoka bila kuikubali, na Windows 7 na 8 zikapata sasisho la kuizima. Kwa hiyo CD unayo, gemu umeilipia, na haiwaki. Gemu haina ubovu wowote, kilichokosekana ni mlinzi wa langoni.

Free_Area (Nakuru)
Fundi si useme tu watu wapakue exe (faili la kuwashia gemu) iliyovunjwa kufuli? Kila mtu anafanya hivyo.

Fundi_Oginga (Kisumu)
Kila mtu anafanya, na kila mtu ananiletea mashine. Exe za kuokotwa ndizo zinazonilipia kodi ya duka. Angalia kwanza kama waliotengeneza gemu walitoa sasisho la mwisho linaloondoa kufuli, maana baadhi walitoa. Kama hakuna, itafute GOG. Ni duka la Poland lililoanza 2008 kwa kazi hii hasa: wanauza gemu za zamani bila kufuli, na nyingi za DOS zinakuja na DOSBox imeshapangwa ndani. Ngoja siku za punguzo. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inatosha kulipia.

Free_Area (Nakuru)
Sawa, lakini sisi tulionunua CD za kukopiwa kandokando ya barabara hatuna cha kupeleka GOG 😂

Section58 (Nakuru)
Tumekusamehe. Tuendelee.

Pinball_Tu (Webuye)
Nani mwingine alikuwa anaenda saiba na badala ya barua pepe anafungua ile Pinball ya Windows XP? Iliondolewa kuanzia Vista. Raymond Chen wa Microsoft alieleza kwamba walipoihamisha kwenda Windows ya biti 64 (aina mpya, baada ya ile ya biti 32), mpira ukawa unapita katikati ya vitu kana kwamba havipo, na hawakuweza kujua sababu ndani ya msimbo usio na maelezo walioupata kwa kampuni nyingine. Siku hizi kuna toleo lililoandikwa upya na wapenzi wake. Unahitaji mafaili ya ile ya XP, unayaweka folda moja na programu mpya, unacheza.

MamaWawili (Busia)
Samahanini, mimi si mtu wa kompyuta. Nimepata CD ya watoto ya zamani, ya samaki, nataka mdogo wangu wa miaka sita aicheze kwenye laptopu ya Windows 11. Nikibofya inasema programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako. Laptopu ni mpya kabisa. Imekosa nini?

Fundi_Oginga (Kisumu)
Mama, haijakosa kitu, imezidi. Programu hiyo ni ya biti 16, aina ya kale kabisa. Windows za biti 32 zilikuwa na mkalimani ndani yake, NTVDM, wa kuzungumza na programu za namna hiyo. Windows za biti 64 hazina, na Windows 11 yote ni ya biti 64. Mara nyingine gemu yenyewe ni ya biti 32 na kisakinishi pekee ndicho cha 16, hapo inatosha kunakili folda kutoka CD. Kama yote ni ya 16, jaribu otvdm: mkalimani wa bure unayemwekea kutoka nje.

Kunga_Njoro (Nakuru)
Fundi ngoja kidogo. Dada, fungua CD uangalie majina ya mafaili makubwa. Yanaishia na herufi gani?

MamaWawili (Busia)
Kuna FREDDI.HE0 na FREDDI.HE1, na mengine yanafanana.

Kunga_Njoro (Nakuru)
Nilijua! Hiyo ni Freddi Fish ya 1994, ya Humongous Entertainment. Huhitaji otvdm wala nini. Gemu hizo zilijengwa juu ya mtambo wa SCUMM (programu ya kujengea gemu), uliotungwa kwa ajili ya Maniac Mansion ya 1987. Kuna programu ya bure, ScummVM, ya tangu 2001, ambayo haigusi kabisa ile exe ya zamani. Inasoma mafaili ya HE yenyewe, yaani picha, sauti na hadithi, na kuyaendesha kwa njia yake.

Fanya hivi. Nakili mafaili yote ya CD kwenye folda moja ndani ya laptopu, usichague. Pakua ScummVM kutoka tovuti yake rasmi, ifungue, bonyeza "Add Game", ionyeshe folda hiyo. Italitambua jina la gemu yenyewe. Bonyeza kuanza.

Kwa wengine: mimi natumia Linux hapa, na Wine, programu ya kuendesha vitu vya Windows ndani ya Linux, inafungua hata programu za Windows za biti 16. Kuweka XP nzima ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako) pia kunawezekana, lakini kwa laptopu ya RAM ya 4GB utakunywa chai mbili kabla ya deski kutokea, na gemu za 3D humo hazifurahishi. Kwa za 3D za miaka ya 90 zinazotaka Glide au DirectX ya kale (njia za zamani za kuchora picha), jaribuni dgVoodoo2 kwanza. Inazigeuza zitumie njia mpya, Direct3D 11 au 12.

MamaWawili (Busia)
Imewaka!! Samaki anaongea, mtoto anapiga makofi. Ila imekaa kwenye kisanduku kidogo katikati, na sioni pa kuhifadhi. Jana stima ilipotea mara mbili, sitaki aanze upya kila siku.

Kunga_Njoro (Nakuru)
Hongera dada. Alt na Enter ijae skrini. Ctrl na F5 inaleta menyu ya ScummVM, hapo ndipo unahifadhi na ndipo unafunga gemu. Na kama una simu ya Android, ScummVM ipo huko pia: nakili folda ileile kwenye simu, stima ikipotea anaendelea.