Diski ya seva imejaa 100%, lakini ls (amri ya kuorodhesha faili) inasema kila folda ni 4.0K. Nakosea wapi?

kijana_wa_zamu: Wakuu, habari za jioni. Nimekabidhiwa seva ya Linux kazini wiki iliyopita, aliyekuwepo kaondoka bila kuacha maelezo. Leo mfumo wa mauzo umegoma, df -h inaonyesha diski imejaa. Nimeingia kwenye folda ya mfumo, nikapiga ls -lh:

drwxr-xr-x 2 root root 4.0K Mei 3 09:12 picha
drwxr-xr-x 5 root root 4.0K Mei 6 17:40 ripoti
-rwxr-xr-x 1 root root 18K Feb 11 08:03 anza.sh

Sasa gigabaiti zote zimekwenda wapi? Bosi ananisubiri, naombeni msaada.

mzee_wa_seva: Pole mdogo wangu. Hiyo 4.0K si uzito wa vilivyomo. Folda yenyewe ni orodha tu: majina, na namba ya inode (rekodi ya mfumo yenye taarifa za faili) ya kila jina. ls inakupimia orodha hiyo, sawa na kupima daftari la stoo ukaacha magunia. Magunia yanapimwa na du:

du -h -d 1 . | sort -h

Folda nzito zitakaa chini.

binti_pwani: Piga pia ls -lA. Bila hiyo A, kila jina linaloanza na nukta halionekani. Rob Pike, aliyekuwa Bell Labs (maabara ilikozaliwa Unix, mfumo ambao Linux inaufuata), aliwahi kueleza kwamba haikukusudiwa: walitaka kuficha . (folda uliyomo) na .. (folda iliyo juu yake) tu, programu ya ls ikaandikwa iangalie herufi ya kwanza peke yake. Mpaka leo tunahangaika nayo.

kijana_wa_zamu: Nimeipata! Kuna folda .nakala, du inasema 37G. Kumbe kuna skripti inanakili hifadhidata kila usiku. Nifute yote?

mzee_wa_seva: Hapana, tafadhali usifute! Kwanza ls -lhtr .nakala. Hiyo t inapanga kwa muda, r inageuza, kwa hiyo mpya zinakuja chini, pale pale unapoandika. Angalia safu ya ukubwa kwa makini. Nimewahi kukuta nakala za miezi zimepangwa vizuri, zote baiti 0.

kijana_wa_zamu: Mkuu, ya juzi na ya jana zote zinasoma 0. Ya mwisho iliyo nzima ni ya siku tatu nyuma. Naihamishia diski ya nje sasa hivi, sijagusa kingine.

binti_pwani: Ikishafika, jaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine. Ikikubali ndipo uanze kufuta zile za zamani kabisa.