Mrejesho: Dar nimefika, Kigamboni nimevuka mwenyewe

Wakuu, ni yule wa Njombe niliyeuliza nikishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi nitafikaje Kigamboni kwa dada bila kupigwa. Nimerudi juzi.

Mlinikataza bodaboda za getini. Nikauliza bei tu, kwa ubishi. Jamaa akataja elfu ishirini na tano, nikacheka, akashuka hadi kumi na tano, nikaondoka zangu. Daladala mpaka Kimara, kisha basi la mwendokasi mpaka Kivukoni. Nilisimama njia nzima, mfuko wa viazi vya dada katikati ya miguu, jasho likinitiririka ndani ya sweta niliyotoka nayo nyumbani. Aliyesema nivae fulana nyepesi ndani, Mungu akubariki.

Sasa pantoni ya kuvukia kwenda Kigamboni! Nauli shilingi 200 tu, ila geti likifunguliwa watu wanatimua mbio kama wamefukuzwa. Nikakimbia nami, sijui nakimbilia nini. Katikati ya maji nikalamba midomo: chumvi.

Soko la samaki la Feri mlisema niende alfajiri. Nilienda saa nane mchana, nikakuta wa kukaanga, na bei yake nimezoea kununulia kuku.

Dada bado anacheka lile sweta.