Kitufe cha "Uliza hapa" kwenye tovuti ya wilaya yetu kimewekwa cha nini?

Wakuu, niko huku mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka, na leo nimechoka kunyamaza.

Pampu ya kisima chetu imekufa tangu kabla ya Krismasi. Kina mama wanachota maji kinamasini na ng'ombe. Tulipomuuliza mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kuhusu pesa za ukarabati, akatujibu: "Mambo yote yako kwenye tovuti, kajionee." Haya, nikanunua bando (nalo lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ile iliyorithi OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku), nikaingia.

Tovuti inang'aa jamani! Picha za wakubwa wakikata utepe, ramani ya rangirangi, na maandishi: bofya parishi yako (si ya kanisa, ni eneo la utawala la vijiji kadhaa) uone bajeti. Nikabofya. Kale kaduara kakazunguka weee, MB zinaliwa tu. Orodha ilipofunguka, parishi yetu haimo. Nikabofya ya jirani: maji, sifuri. Mwaka wa fedha, 2019/20! Na yote ni Kiingereza kitupu, wakati Kiswahili kiko kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Nikabofya "Uliza hapa", ikafunguka fomu ya maswali. Jina, simu, mpaka namba ya kitambulisho wakataka. Ya nini, nauliza pampu au naomba mkopo? Papo hapo nikajibiwa kuwa swali limepokelewa. Leo ni siku ya 47.

Wiki iliyopita nikapanda boda hadi makao makuu. Karani akacheka: "Maswali hayo yanaingia kwenye barua pepe ya kijana wa kompyuta. Mkataba wake uliisha, nywila akaondoka nayo."

Sasa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inazipa ofisi za umma siku 21 za kujibu. Zikiisha kimya, inahesabiwa wamekunyima, na mlango wa hakimu mkuu uko wazi. Anayewajibika si huyo kijana, ni mtendaji mkuu wa ofisi, yaani CAO mwenyewe. Jumatatu nampelekea barua, nakala mbili, na siondoki bila muhuri kwenye yangu.

Nyie wa wilaya nyingine, kuna aliyewahi kubofya hiki kitufe akajibiwa na mtu? Aseme alisubiri siku ngapi.