Bufee ya Jumapili Kisumu: weita aachiwe ngapi, na pesa apewe nani?

Shangazi_wa_Mamboleo

Hamjambo wadau. Jumapili hii tunawapeleka wazee na watoto kula bufee ya mchana kwenye hoteli moja hapa Kisumu mjini, kijana wetu amefuzu chuo. Watu wazima 7, watoto 2. Mtu mzima ni 1,800, mtoto nusu bei, vinywaji tunalipia kando.

Mkahawa wa kawaida haunisumbui: weita amechukua oda, ameleta chakula, namwachia asilimia kumi au namwambia akae na chenji. Lakini bufee unasimama na sahani unajipakulia mwenyewe. Je, weita wa bufee naye huachiwa kiasi kile kile? Na yule anayekata nyama au kukaanga samaki pale mbele, fungu lake ni lipi? Nalipa kwa M-Pesa, kwa hiyo niambieni pia kama nikiongeza juu ya bili pesa hiyo itamfikia mwenyewe.

Kapteni_wa_Zamu

Shangazi, hongera kwa kijana. Anzia kwenye bili kabla hujafungua pochi. Tafuta mstari wa ada ya huduma. Mashine nyingi huuchapa kwa kifupi cha "service charge", SC au SVC. Ukiuona, basi wafanyakazi wameshawekewa chao na huna deni. Mia moja au mbili juu yake ni hisani yako. Usiuchanganye na mstari wa asilimia 2. Ile ni tozo ya utalii, haina uhusiano na weita. VAT ya asilimia 16, kodi ya ongezeko la thamani, nayo ni ya KRA, mamlaka ya kodi. Kuna wateja wengi wanaoona makato mawili chini ya bili wakadhani mhudumu kashalipwa humo, wakaondoka, na weita hakupata hata ndururu.

Kama mstari wa ada ya huduma haupo, kiwango cha haki kwa bufee ni karibu nusu ya kile cha meza ya kuagiza, yaani asilimia 5. Kwa hesabu yako: watu wazima 12,600, watoto 1,800, na tuseme soda na maji 1,200. Jumla 15,600. Bei za menyu kwa kawaida zimeshabeba VAT na tozo ndani yake, kwa hiyo ukitaka kuhesabu juu ya chakula chenyewe gawanya kwa 1.18, unapata kama 13,220. Asilimia 5 ya hapo ni 661. Toa 700. Usipotaka kikokotoo, weka 100 kwa kila mtu mzima na utafika pale pale.

Kwa nini nusu, na si sufuri? Kwa sababu weita wa bufee hakuondolewa kazi, alibadilishiwa. Haleti chakula, lakini anaondoa vyombo mara tatu au nne badala ya mara moja. Bakuli la supu, sahani ya kwanza, ya kuongeza, kisahani cha matunda na keki. Watu 9 mara 4 ni vyombo 36 kwenye meza moja, bila glasi, na Jumapili mchana weita mmoja anaweza kuwa na meza tano au sita. Akichelewa kuondoa, nyinyi mnakosa pa kuweka sahani mpya na wazee wanaanza kupanga vyombo sakafuni. Hapo ndipo utajua kama alifanya kazi: ukirudi na sahani ya pili ukakuta ile chafu imeshaondoka, kitambaa kimekunjwa na maji yameongezwa, mpe chake kamili. Ukikuta sahani chafu imekungoja, punguza.

Nyar_Kano

Naheshimu hesabu ya Kapteni, lakini kwa meza ya Shangazi asilimia 5 ni kidogo. Meza haziwi sawa. Watu wawili waliokula wali na mboga wakanywa maji, naam, asilimia 5 inatosha, hata 100 tu. Meza ya watu tisa yenye wazee na watoto, kwenye bufee ya huku ziwani, ni kazi nyingine kabisa.

Fikirieni samaki. Ngege (tilapia) mzima wa kukaanga anaacha kichwa, uti wa mgongo na mapezi, na mlaji anahitaji kisahani cha mifupa tofauti na sahani ya ugali. Weita anayejua kazi anashika sahani ya kwanza kwa vidole vitatu, ya pili inakaa juu ya kiganja na mkono, anakwangua mifupa yote kwenye ile ya kwanza, kisha anabana uma na visu chini ya kidole gumba ili visiteleze vikamwangukia mgeni. Mchuzi ukimwagika kwenye nguo ya mzee, lawama ni yake. Kisha kuna maji ya kunawa: pengine kuna sinki, lakini mzee asiyeweza kusimama kila mara ataletewa jagi na beseni mezani, maji ya uvuguvugu, kabla na baada. Na wazee wengi hawaendi kwenye foleni. Weita ndiye atakayewapakulia, arudi kuuliza kama ni mboga ya osuga (managu) au sukuma, mbuta (sangara) wa mchuzi au ngege mkavu. Akifanya hivyo, kwa wazee hao si bufee tena, ni huduma kamili ya mezani.

Kwa hiyo pendekezo langu: 100 kwa kila mtu mzima anayejipakulia, 200 kwa kila mzee aliyehudumiwa kitini, na 100 kwa kila mtoto mdogo, maana mtoto wa miaka mitatu anaacha wali mwingi chini ya meza kuliko tumboni. Kama wazee ni 2, ni 500 kwa watano, 400 kwa wazee, 200 kwa watoto. 1,100. Bado hujafika asilimia kumi ya hesabu ya Kapteni, ambayo ni 1,322.

Na mpishi wa pale mbele umpe kando, mkononi, wakati anakuhudumia. Yule anayekata nyama, anayekaanga samaki ukiwa umesimama, au anayepika mayai na chapati asubuhi: 50 au 100 kwa familia nzima, si kwa kila mtu. Hoteli nyingine hugawa bakshishi za ukumbini kwa ukumbi tu, jikoni hakufiki kitu. Anayejaza mabeseni ya chakula huna haja ya kumfuata, wala huwezi kumjua ni yupi.

Mhasibu_Nakuru

Nijibu la M-Pesa, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Nambari ya tili, ile ya kulipia biashara kwa M-Pesa, ni ya hoteli. Ukiambiwa bili ni 15,600 ukatuma 16,300, zile 700 zinaingia kwenye akaunti ya biashara na jioni keshia anaona zimezidi. Kuna hoteli zinazoandika ziada hizo kwenye daftari la bakshishi na kuzilipa mwisho wa wiki au mwezi. Kuna nyingine ambako ziada ni ziada tu, inabaki kwa mwenye hoteli, wala hakuna aliyekusudia kuiba, ni kwamba utaratibu haupo. Mashine ya kadi ni vivyo hivyo hata pale inapokuuliza kama unaongeza bakshishi: pesa inapita benki ya hoteli kwanza. Kwa hiyo lipa tili kiasi kamili cha bili, shilingi kwa shilingi, chukua risiti, halafu bakshishi itoe kwa noti.

Ukikosa noti, unaweza kumtumia weita kwa simu yake, lakini zingatia mpangilio. Kwanza bili ilipwe na risiti itoke, ndipo umtumie. Ukimtumia kabla, na keshia akawa anangoja malipo ya meza yenu, weita ataonekana amepokea pesa ya hoteli kwa simu yake, na hilo ni kosa la kufukuzwa kazi. Kutuma hadi 100 hakukatwi ada. 700 hukatwa 13. Usiitishe nambari yake mbele ya msimamizi kwa sauti.

Kuhusu ada ya huduma, Sheria ya VAT ya 2013 inaitambua kama mbadala wa bakshishi na haiitozi VAT, kwa masharti: igawiwe moja kwa moja kwa wafanyakazi kwa makubaliano ya maandishi na mwajiri, na isizidi asilimia 10 ya bei. Ndiyo maana ni halali kabisa mteja kuuliza kwa upole, "Hii ada ya huduma hugawiwa vipi hapa?" Weita atakujibu kwa uso kabla hajajibu kwa mdomo. Kumbuka pia kwamba kibarua aliyeitwa kwa siku moja ya Jumapili mara nyingi hayumo kwenye mgao huo hata ukiwepo. Huyo noti yako ya mkononi inamfaa zaidi kuliko mtu yeyote ukumbini.

Na tusichukue viwango vya Marekani tukavibandika hapa. Kule sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, ili bakshishi ijazie mpaka kima cha chini cha 7.25, majimbo kadhaa yameweka juu zaidi. Ndipo asilimia 15 hadi 20 ikawa kama lazima kwenye meza ya kuagiza, na kwa bufee watu hutoa kama 10. Kenya hatuna kima cha chini tofauti, cha chini zaidi, kwa anayepokea bakshishi. Amri ya serikali ya mishahara ya kima cha chini inamtaja weita kwenye kundi moja na mpishi, na mwajiri anapaswa kumlipa kima hicho hata asipoachiwa kitu. Bakshishi hapa ni nyongeza juu ya mshahara. Anayekulazimisha nayo amekosea.

Shangazi_wa_Mamboleo

Asanteni sana, nimeelewa. Nitashika ya Nyar Kano kwa sababu wazee ni wawili kweli, mama mkwe hatembei vizuri. Mawili yamebaki. Kuna mtu ameniambia nimpe weita 200 mapema tunapoketi ili "atutunze," na mwisho atufungie kuku wa kubaki. Ni sawa? Na pesa niziache mezani au nimpe mkononi?

Kapteni_wa_Zamu

La kuku, hapana, tafadhali. Bei ya bufee ni ya kula pale pale. Hoteli karibu zote hazifungi chakula cha bufee, na weita anayeonekana akitia kuku kwenye mfuko baada ya kupokea 200 anahesabiwa ameiba mali ya mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inataja kosa la jinai dhidi ya mwajiri au mali yake kati ya makosa makubwa ya kumfukuza mtu papo hapo. Mnamponza kwa paja moja. Mkitaka cha kubeba, agizeni kwenye menyu ya kawaida, kitafungwa na kuandikiwa risiti.

Kutoa mapema kuna mahali pake: pale unapomwomba kazi ya ziada iliyo wazi, kama kuwapakulia wazee. Mweleze mnapoketi, "Mama hatembei vizuri, utamsaidia," mpe 200 ya mama, na nyingine zote zingoje mwisho. Ukizitoa zote mwanzoni, na zamu yake ikaisha saa tisa mkiwa bado mnakula, atakayeondoa vyombo vyenu vya mwisho ni mwingine na hajapata kitu.

Mezani usiache. Kwenye bufee anayeondoa vyombo anaweza kuwa si weita wako, na noti iliyo chini ya sahani yenye mifupa hukunjwa pamoja na karatasi za kufutia mikono ikaishia kwenye ndoo. Kwenye folda ya bili nako si salama sana, inapita kwa keshia. Mkononi, kwa jina lake kama amevaa beji. Kama walikuwa wawili, waite wote wawili na uwape mbele ya kila mmoja. Ukimpa mmoja ukasema "mgawane," umewaachia ugomvi.

Mama_Mapishi_Kakamega

Niongeze kwa wanaofanya bufee ya harusi au mahari nyumbani. Huko wageni hawatoi bakshishi, mwenye shughuli ndiye anayetoa. Kwa kawaida ya kazi hii, mhudumu mmoja hutosha wageni 25 hadi 30 wa bufee, kwa hiyo wageni 200 ni wahudumu 7 au 8, na waosha vyombo 2 au 3 ambao husahaulika kabisa. Uliza mkataba wako kama bakshishi imo. Kama haimo, tenga 200 hadi 300 kwa kila mmoja, tia kwenye bahasha tofauti, andika majina, na uwape kabla gari la vyombo halijaondoka. Bahasha moja nene kwa msimamizi hupungua njiani.

Na Shangazi, noti zipate Jumamosi. Kwa wakala omba 200 tano, 100 tano na 50 nne. Jumapili saa nane mchana ukimpa weita noti ya 1,000 akutafutie chenji, atazunguka meza zote akikosa, na meza yenu itajaa vyombo.