Top Hat (1935) na bugobogobo: nimwambie nini mpiga video?

Mama Ngoma, Nyakato
Habari za jioni wapendwa. Nafundisha vijana bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Juzi niliwawekea filamu ya Top Hat ya Fred Astaire na Ginger Rogers, ile isiyo na rangi. Dale (Ginger) anadhani Jerry (Astaire) ndiye mume wa rafiki yake, anaishia kumzaba makofi. Vijana walicheka sana. Lakini mvua ilipowakuta bustanini London wakajibanza kibandani, sebule nzima kimya. Jerry anatoa hatua, Dale na suruali yake ya kupandia farasi anamwiga kwa uchokozi, mwisho wanakwenda pamoja. Unawaona utosini hadi viatuni!

Video yetu ya Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, imekatwakatwa: goti, uso, ngoma, watazamaji. Jembe linarushwa, aliyelidaka humwoni. Vijana wamefanya mazoezi mpaka viganja vimechubuka, inaniuma. Nimwelekezeje mpiga video? Na vile viatu vya kwenye filamu, mbona vinasikika safi hivyo?

Fundi Kamera, Kirumba
Dada, hilo lilikuwa sharti la Astaire mwenyewe: mwili mzima uonekane, picha isikatwe ovyo, kamera imfuate mchezaji. Viatu vilirekodiwa baadaye studio, na mara nyingi Hermes Pan, msaidizi wake wa kupanga hatua, ndiye aliyegonga viatu badala ya Ginger.
Mwambie arudi nyuma, kamera iwe usawa wa kifua, juu abakize nafasi jembe linapofika. Wimbo uende mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ngoma mzirekodi kwa kinasa sauti cha pembeni.

Babu wa Magu
Mwangaluka. Mwanangu, wale ni wawili, ninyi ni mstari mzima. Halafu kwenye Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, Bagika na Bagalu, zile pande mbili za wachezaji, wanashindana kuvuta watu. Asiyevuta watu kashindwa. Ukiwaondoa watazamaji, mgeni atajuaje nani kashinda?

Mama Ngoma, Nyakato
Shikamoo babu. Hilo la watu nimelikubali, wataonekana wakikimbilia upande wetu, ila jembe likiwa hewani picha isiguswe. Fundi, asante sana. Kinasa sauti nikiweke karibu na ngoma kubwa, au itameza njuga?

Fundi Kamera, Kirumba
Itameza. Kiweke chini, mbele ya wachezaji, upande wa mbali na ngoma kubwa. Na kifunike kitambaa, upepo wa ziwani hauna huruma.