Mwanangu wa sikoseli ana Salmonella kwenye mfupa wa paja. Huyu si mdudu wa tumboni?

Mama Shija:
Habari za jioni wadau. Kijana wangu ana miaka 9, ni SS, yaani ana sikoseli, kliniki tunahudhuria na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya sikoseli, anameza. Maumivu ya mifupa tumeshayazoea. Yakimshika nampa maji mengi na panado, yakizidi tunaenda kuwekewa dripu, siku mbili tatu unamkuta uwanjani na wenzake.

Safari hii haikuwa hivyo. Paja la kushoto, juu kidogo ya goti, lilivimba na kuwa la moto kama chupa ya chai, hata shuka hataki limguse. Homa haishuki. Zahanati wakampima Widal, wakasema taifodi, tukapewa vidonge. Homa ikatulia kidogo, halafu ikarudi kwa nguvu. Tulikoenda baadaye wakapiga eksirei wakasema mfupa ni mzima. Tumekuja hospitali ya mkoa ndiyo wakafanya ultrasaundi, wakaona maji yamejikusanya juu ya mfupa, wakavuta kwa sindano: usaha. Maabara wakaotesha, yaani wakakuza vijidudu vya kwenye usaha ili wavitambue, jibu Salmonella.

Sasa yuko wodini, anachomwa seftriaksoni, na tumeambiwa dawa zitakwenda wiki 6. Daktari wa zamu nilimuuliza imekuwaje, akajibu mbiombio akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mdudu wa tumboni amefikaje kwenye paja na mtoto hata kuharisha hakuharisha? Na mama mkwe anataka aje amchue kwa mafuta ya nyonyo, niruhusu?

Ngosha:
Pole sana mama. Ngoja waje wataalamu.

Mpima Damu:
Pole dada. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, lakini hawa wadudu ndio ninaoshinda nao.

Kwa mtoto wa SS, chembe nyekundu zikijikunja zinaziba mishipa midogo ya damu, na si ya mifupani tu. Bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja vijidudu kwenye damu, inaharibika mapema. Wengi wakifika miaka 5 imebaki jina. Ukuta wa utumbo nao unakosa damu sehemu ndogo ndogo, Salmonella anapenya hapo bila kelele, ndiyo maana hukuona kuharisha. Akiingia kwenye damu hakuna wa kumkamata. Anatembea mpaka akute kipande cha mfupa kilichokufa kwa kukosa damu, anaweka kambi. Na pale ambapo damu haifiki vizuri, dawa nayo inafika kwa shida. Wiki 6 zimetoka hapo.

Mtoto asiye na sikoseli akipata usaha mfupani, mara nyingi ni bakteria mwingine, Stafilokokasi. Kwa hawa wetu Salmonella yuko mstari wa mbele. Na zile penisilini wanazomeza wakiwa wadogo zinalenga nimokokasi, bakteria wa nimonia, huyu Salmonella haziwezi.

Widal naomba niseme, maana inanikera. Kile kipimo kinatafuta kingamwili dhidi ya mdudu wa taifodi, na mtu anaweza kuwa nazo kwa sababu aliwahi kukutana naye zamani. Salmonella wa kwenye mifupa ya watoto wa SS mara nyingi wala si yule wa taifodi. Kinachosaidia ni kuotesha damu au usaha, tena kabla ya dawa, kwa sababu ukishameza vidonge mdudu anaweza asiote ingawa yupo. Eksirei isikushangaze: siku 10 hadi 14 za mwanzo inaweza isionyeshe kitu.

Hiyo karatasi ya majibu ina orodha ya dawa. S maana yake dawa inamuweza, R ni sugu. Piga picha uitunze kwenye simu.

Bint Pangani:
Dada, mimi ni SS, mtu mzima nina watoto. Nikiwa darasa la sita yalinikuta kwenye mkono wa kulia, kati ya bega na kiwiko. Mimi walinipasua wakatoa kipande cha mfupa uliokufa, nesi akanionyesha kwenye kibakuli cha chuma: cheupe, kina vitobo, hakina hata tone la damu. Mkono upo, nafua na kukuna nazi, ila nikiunyoosha haufiki mwisho.

Kuchua usikubali kabisa. Usaha uko kati ya mfupa na utando unaoufunika, na mfupa wenyewe umelegea, unaweza kuvunjika mikononi mwa bibi. Lakini mama mkwe usimkatalie hivi hivi, utaishi naye. Mpe kazi ya kumlisha na kumpigia hadithi, wodi inachosha.

Na usianze kuogopa kila maumivu. Mengi sana ni damu kuziba tu, si usaha. Ila sehemu moja ikivimba na homa ikagoma, useme mapema: "Huyu ni SS, naomba muoteshe damu."

Mama Shija:
Asanteni sana, nimelia kidogo. Karatasi inasema seftriaksoni S, sipro S, ampisilini R, septrini R. Paja limepungua, jana ameomba chapati. Swali la mwisho: kuku wetu wanalala jikoni, wanahusika?

Mpima Damu:
Kama ni wao au maji siwezi kusema, ila kuku anambeba Salmonella bila kuumwa, kwa hiyo wahame jikoni. Mayai yaive mpaka kiini kikauke, maji yachemke. Sipro ni S, kwa hiyo wakitaka kumtoa wodini wamalizie kwa vidonge, usishtuke. Ila asiache paja likiacha kuuma, amalize dozi yote.

Mama Shija:
Banda linajengwa Jumamosi. Bibi yake anauliza, supu ya kuku je?

Mpima Damu:
Supu ruksa, iive sawasawa. Anayechinja anawe kwa sabuni kabla ya kushika kikombe cha mtoto.